Kuchemsha hakuondoi dawa ya pamba: Sumu zinazovuruga homoni na ulinzi wa maji yetu

Maji ya kunywa yakichemka vizuri, vijidudu vya homa ya matumbo, kuhara na kipindupindu vinakufa. Hilo tumelisema sana redioni na bado ni kweli. Lakini msimu wa kupulizia pamba ukifika, swali linalorudi kwenye simu zenu ni jingine: kama dawa ya wadudu imeingia kwenye lambo, ukichemsha maji inatoka?

Kwa sehemu kubwa jibu ni hapana. Moto unaua kiumbe hai, na dawa ya pamba si kiumbe hai. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, dawa nyingi zinabaki palepale, tena ndani ya maji machache zaidi. WaterGuard nayo ni klorini. Imetengenezwa kuua vijidudu, haikutengenezwa kuondoa viuatilifu.

Swali hilo linagusa jambo ambalo nchi tajiri zimeanza kulitungia sheria na kulijengea mitambo: kemikali zinazovuruga homoni za binadamu na wanyama. Makala hii inaeleza kemikali hizo ni zipi, mitambo ya kisasa inaziondoaje, na kwa nini hapa Masumbwe na ukanda wote wa Mbogwe, Bukombe, Kahama na Geita kazi kubwa inatakiwa ifanyike kabla maji hayajafika kwenye ndoo.

Homoni ni nini, na nini kinazivuruga?

Homoni ni ujumbe unaotumwa ndani ya mwili. Tezi inautoa, damu inaubeba, na kiungo kinachohusika kinaupokea na kufanya kazi. Mtoto anakua kwa homoni. Hedhi, mimba, mbegu za kiume, maziwa ya mama na kiasi cha sukari kwenye damu vyote vinaongozwa na homoni. Mwili unazihitaji kwa kiasi kidogo mno.

Zipo kemikali za nje zinazofanana na homoni kiasi kwamba mwili unadanganyika. Ni kama ufunguo bandia kwenye kufuli. Wakati mwingine unafungua mlango usiotakiwa kufunguliwa, na wakati mwingine unaziba tundu ili ufunguo halali usiingie.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, walitoa ripoti iliyosema kwamba kemikali karibu 800 zinajulikana au zinashukiwa kuvuruga homoni. Miongoni mwake zimo dawa za wadudu kama DDT na endosulfani, baadhi ya kemikali za plastiki na za sabuni za viwandani. Kwenye majitaka huungana na homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, na homoni za asili zinazotoka kwenye mkojo na kinyesi cha binadamu na mifugo.

Na zebaki ya kwenye mialo? Hiyo madhara yake makubwa ni kwenye ubongo, neva na figo, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Watafiti wanaitaja pia kati ya vitu vinavyoweza kuvuruga homoni. Kwa maji yetu inahusika moja kwa moja, kwa sababu nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Kidogo kiasi gani kinadhuru?

Kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti nchini Canada wakiongozwa na Karen Kidd walifanya jaribio kwenye ziwa dogo lililotengwa kwa utafiti. Walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango hadi ikafika nanogramu 5 hadi 6 katika kila lita ya maji. Nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni.

Ili kupata picha, fikiria lambo lenye urefu wa kilomita moja, upana wa nusu kilomita na kina cha mita mbili. Tia humo unga wa gramu 5 tu, kama kijiko kimoja cha chai. Ukichanganyika vizuri, utakuwa umepata nanogramu 5 kwa lita.

Kiasi hicho kilitosha. Samaki dume wadogo, wa ukubwa wa kidole, walianza kutengeneza protini ya mayai kama majike. Katika miaka michache samaki wa aina hiyo walikaribia kwisha ziwani. Watafiti walipoacha kutia homoni, samaki waliongezeka tena pole pole. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, watafiti wa Uingereza walikuwa wamekwisha kukuta samaki dume wenye mayai kwenye mito inayopokea maji kutoka mitambo ya majitaka.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Samaki anaishi ndani ya maji hayo usiku na mchana na kuyapitisha kwenye matamvua yake. Binadamu anakunywa lita chache kwa siku. Mwaka 2012 WHO walipitia taarifa za mabaki ya dawa za binadamu kwenye maji ya kunywa, wakasema ni vigumu sana kwa viwango vilivyokutwa kumdhuru mtu. Kwa hiyo ukisikia mtaani kwamba maji ya bomba yanafunga kizazi kwa sababu ya vidonge vya watu wa mjini, habari hiyo haina msingi. Na mama anayetumia njia ya uzazi wa mpango asiiache kwa sababu ya makala hii. Akiwa na wasiwasi, amuone mhudumu wa afya wa zahanati yake.

Kwetu zinatoka wapi?

Ulaya chanzo kikubwa ni majitaka ya miji. Sisi hatuna mabomba ya majitaka ya namna hiyo, tuna vyoo vya shimo. Kwetu njia za kuangalia zaidi ni shamba, mifugo na mialo.

Tuanze na shamba. Endosulfani, ambayo iliuzwa kwa majina kama Thiodan na Thionex, ilipulizwa miaka mingi kwenye pamba. Mwaka 2011 iliwekwa kwenye orodha ya kemikali za kuachwa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama. DDT iliingia mapema zaidi, na leo mkataba huo unairuhusu kwa kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa tu, kama mbu wa malaria.

Mwaka 2006 watafiti Henry na Kishimba walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato na sangara kutoka mialo ya wavuvi katika wilaya 9 za Tanzania zinazopakana na Ziwa Victoria. Walitafuta aina 64 za viuatilifu. Walikuta mabaki ya DDT, endosulfani na fenitrothioni. Habari njema ni kwamba viwango vilikuwa chini ya kile ambacho mtu anaweza kula kila siku bila kudhurika. Habari ya kutufikirisha ni kwamba DDT nyingi ilikuwa bado haijavunjika, na hiyo ni dalili kwamba iliingia majini karibuni, haikuwa imebaki tangu zamani.

Ukitaka kujua kosa moja la utunzaji linavyodumu, tazama Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la hapo lilipokea tani 170 hivi za viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki, na sehemu yake ilikuwa imepitwa na muda. Viliwekwa kwenye banda la wazi, na banda likaja kuanguka. Miaka mingi baadaye watafiti walikuwa bado wanakuta DDT kwa wingi kwenye udongo wa eneo hilo. Hapakuwa na kiwanda pale. Tatizo lilikuwa ghala baya.

Chanzo cha pili ni mifugo. Ng'ombe, hasa mwenye mimba, anatoa homoni za asili kwenye mkojo na kinyesi. Kwenye udongo wenye hewa zinavunjika zenyewe baada ya muda. Lakini ng'ombe wakiingia ndani ya lambo kunywa na kukojoa palepale tunapochota, udongo haupati nafasi ya kufanya kazi hiyo. Choo cha shimo kilicho karibu na kisima kifupi kina tatizo lilelile.

Chanzo cha tatu ni chupa na makopo. Kopo la dawa likioshwa mtoni, au likageuzwa kuwa la kuchotea maji au kuwekea mafuta ya kula, sumu imeingia nyumbani bila kupitia shambani.

Mitambo ya kisasa inafanyaje kazi?

Mtambo wa kawaida wa maji una hatua ambazo wengi mnazifahamu: uchafu unagandishwa kwa kemikali na kutuama, maji yanapita kwenye mchanga, kisha yanatiwa klorini. Hatua hizi zinafanya kazi kubwa. Majirani zetu wa Kahama na Shinyanga wanapata maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele wilayani Misungwi, kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Lakini hatua za kawaida za kusafisha maji, popote duniani, hazikubuniwa kwa ajili ya homoni. Zinapunguza baadhi na nyingine zinapita.

Ili kuziondoa, zinaongezwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kaboni amilifu. Wachimbaji wa Masumbwe hamhitaji kuelezwa sana. Ni ile kaboni nyeusi inayonasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi kwenye matangi ya uchenjuaji, kisha inapelekwa kwenye mtambo wa elusheni. Ni mkaa, mara nyingi wa vifuu vya nazi, uliochomwa kwa joto kali hadi ukawa na vitundu visivyohesabika. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Gramu 8 zinazidi kiwanja cha mpira wa miguu. Kama dhahabu inavyonata humo, ndivyo homoni na viuatilifu vingi vinavyonata. Na kama mchenjuaji anavyojua, kaboni ikishiba hainasi tena. Lazima ibadilishwe au ichomwe upya.

Ya pili ni ozoni. Ni hewa ya oksijeni iliyopitishiwa umeme wenye nguvu kubwa. Ikitiwa kwenye maji inavunja kemikali vipande vipande. Baada yake maji hupitishwa tena kwenye mchanga au kaboni, kwa sababu vipande vingine navyo havitakiwi. Ozoni haiwezi kuwekwa kwenye chupa ikauzwa dukani. Inatengenezwa palepale, na umeme ukikatika kazi inasimama.

Ya tatu ni chujio laini sana, ambapo maji yanasukumwa kwa pampu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Linafanya kazi vizuri, lakini linatumia umeme mwingi na linaacha pembeni maji machafu yaliyokolea, ambayo nayo yanahitaji pa kwenda.

Njia hizi zipo hata Afrika. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukigeuza majitaka kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968, na mtambo wake mpya wa mwaka 2002 unatumia ozoni, kaboni amilifu na chujio laini kwa pamoja. Uswisi, sheria iliyoanza Januari 2016 inataka mitambo teule ya majitaka iondoe asilimia 80 ya kemikali hizi. Fedha zinatoka kwenye tozo ya hadi faranga 9 kwa kila mtu aliyeunganishwa na bomba la majitaka kwa mwaka. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha sheria inayotaka watengenezaji wa dawa za binadamu na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo mpya.

Kwa nini hatuwezi kuleta tu mtambo kama huo?

Mtambo wa Uswisi unakaa mwisho wa bomba. Majitaka ya mji mzima yanafika sehemu moja, yanasafishwa, yanatoka. Masumbwe hakuna sehemu moja ambapo uchafu wote unafika. Dawa ya pamba inaingia majini kutoka mashamba mengi, mvua ya kwanza ikishuka. Hata tungepewa mtambo huo bure, hatungejua tuuweke wapi.

Kuna pia suala la kupima. Kisima kinapopimwa kwa kawaida, wataalamu wanaangalia vijidudu, uchafu unaoonekana, chumvi, naitreti na madini kama floraidi, ambayo ni tatizo la kweli mkoani Shinyanga. Kitu kinachohesabiwa kwa nanogramu kinahitaji mashine ghali na mtaalamu wake. Nchi inayopima kwanza kile kinachoua watoto wengi zaidi haijakosea. Kuhara kunaua leo, wakati homoni bandia zinafanya kazi kwa miaka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Usafishaji wa kitaalamu ni jambo zuri, na mitambo mikubwa ya miji yetu itafika huko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mabwawa ya majitaka na maeneo oevu ya kutengenezwa, ambayo yanatumia mimea na bakteria badala ya umeme mwingi. Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio linalounganisha mchanga na teknolojia ya nano, na mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lakini kwa vijiji vyetu, sumu inayozuiwa isifike lamboni ni rahisi kuliko inayotafutwa baadaye ndani ya ndoo. Ziwa lile la Canada linatuonyesha kwamba uchafuzi ukikoma, viumbe vinaweza kurudi.

Sheria ya kuanzia tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sheria hiyohiyo inabeba msingi wa kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Ulaya wamemgeukia mtengenezaji wa dawa. Sisi tunaweza kuuliza: muuza viuatilifu anayechukua faida msimu mzima, makopo matupu anayapokea nani? Mwenye mtambo wa uchenjuaji, maji yake yanaishia wapi? Kwa sasa gharama hiyo anaibeba mama anayechota maji, na hakuna aliyemuuliza.

Onyo kuhusu kaboni ya uchenjuaji

Kwa kuwa kaboni inajulikana sana huku, nasema wazi: kaboni iliyokwisha kutumika kwenye dhahabu isitumike kamwe kuchujia maji ya kunywa. Imebeba sayanaidi, zebaki na madini mengine, na ikilowa inaweza kuyaachia. Hata kama imeoshwa, hata kama mtu anakuuzia kwa bei nafuu, usiichukue. Mkaa wa kawaida wa jikoni nao si kaboni amilifu. Unaweza kupunguza harufu kidogo, lakini usiutegemee kuondoa dawa.

Ukinunua chujio la dukani, muulize muuzaji mambo matatu: lina alama ya TBS? Linaondoa nini hasa? Sehemu ya kaboni inabadilishwa baada ya muda gani? Asiyejua jibu la swali la tatu anakuuzia chujio litakaloshiba bila wewe kujua.

Tufanye nini sasa?

Nyumbani, endelea kuchemsha maji au kuyatia WaterGuard. Usiache kwa sababu haiondoi kila kitu. Pale ambapo kuna mashamba ya pamba karibu na lambo, tafuta chanzo kingine cha maji ya kunywa: pampu ya kisima kirefu, bomba, au maji ya mvua ya bati, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Hayo nayo yachemshwe. Chimba choo angalau mita 30 kutoka kisimani.

Shambani, nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye lebo inayosomeka. Usipulize upepo ukiwa mkali au mvua ikiwa imefunga. Kopo likiisha, lisuuze mara tatu na maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani. Kisha litoboe lisitumike tena. Usilichome nyumbani. Liulizie kwenye AMCOS au duka la pembejeo, na mkiwa wengi mnaouliza, watalazimika kutafuta jibu. Bomba la mgongoni lisioshewe mtoni wala lamboni.

Mialoni, zebaki isichomwe karibu na makazi na mchanga wa marudio usirundikwe kwenye mkondo wa maji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unataka hasa uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ukomeshwe.

Kijijini, lambo lizungushiwe uzio na ng'ombe wajengewe mbauti pembeni, maji yawafuate badala ya wao kuingia. Mkutano mkuu wa kijiji ujao, uliza chombo cha watumia maji cha eneo lako maswali haya: kisima chetu kilipimwa lini mara ya mwisho? Kilipimwa nini? Matokeo yako wapi? Nani anapima ile mita 60? RUWASA, wakala wa maji vijijini, wako wilayani, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Shinyanga na Mwanza. Matokeo ya maji unayokunywa ni haki yako kuyasoma.

Mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaoathirika zaidi na sumu za aina hii, kwa sababu mwili ndio kwanza unajengwa. Kama maji safi yaliyopo nyumbani ni machache, ndoo hiyo iwe yao kwanza.